Kitabu kitoke kabatini: mwongozo kwa mwalimu mkutubi wa skuli

Katika skuli nyingi za Unguja na Pemba, mwalimu mkutubi ni mwalimu wa Kiswahili au wa Jiografia ambaye siku moja alikabidhiwa funguo za kabati na kuambiwa kwamba vitabu vimo humo, avitunze. Neno hilo “avitunze” ndilo linaloiharibu kazi tangu mwanzo, kwa sababu humfanya mwalimu aogope kitabu kupotea kuliko anavyoogopa kitabu kukaa mwaka mzima bila ya kufunguliwa. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alipoweka kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, aliyoitanguliza mbele ya nyengine ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Nilipopangiwa skuli ya msingi katika Wilaya ya Wete, mimi mwenyewe nilihesabu vitabu kila mwisho wa muhula, vikatimia vyote, nikaridhika. Ilinichukua muda kutambua kwamba vilitimia kwa kuwa hakuna mtoto aliyeviazima.

Kwa hiyo anza kwa kuvitoa vyote. Tandika jamvi, vipange juu yake, kisha uvitenge: vile ambavyo wanafunzi wako wataweza kuvisoma, vile vya walimu, na vile visivyomfaa mtu yeyote pale skulini. Vitabu vya msaada hufika kwa maboksi, na moyo husita kukiondoa kitabu ambacho mtu alikitoa kwa nia njema. Lakini kitabu cha chuo kikuu kilichowekwa katika rafu ya Darasa la Tatu humfundisha mtoto kwamba maktaba si mahali pake. Vinavyobaki viandikwe katika daftari la usajili, kila kimoja na namba yake, jina, mwandishi, tarehe ya kupokelewa na kilikotoka, halafu vigongwe muhuri wa skuli. Mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba kufuatana na mada zake, ni mzuri na inafaa uujue, ila kwa maktaba ya vitabu mia mbili au mia tatu, kipande cha tepu ya rangi kwenye mgongo wa kitabu kinatosha: kijani kwa wanaoanza kusoma, manjano kwa wanaosoma kidogo kidogo, nyekundu kwa waliokwishapevuka. Rafu isigusane na ukuta, kwani mchwa hupandia hapo na unyevu wa masika huanzia hapo, na jua likichomoza baada ya mvua madirisha yafunguliwe.

Baada ya vitabu, tafuta wakati, na hili huwa gumu zaidi. Baadhi ya skuli zetu zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Anayesoma asubuhi huenda chuoni, kusoma Kurani, mchana, na anayesoma mchana ametoka chuoni. Usimwendee mwalimu mkuu na ombi la jumla la “muda wa kusoma.” Mpelekee ratiba uliyokwisha kuichora, inayoonesha kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa, pamoja na jina la mwalimu atakayekaa na wanafunzi siku ambayo wewe unafundisha. Chagua pia wanafunzi wawili kutoka kila darasa kuanzia la Nne, wafundishe kujaza daftari la kuazimia, ili maktaba ifunguliwe wakati wa mapumziko hata kama wewe uko darasani. Watoto hao huwa waangalifu kuliko tunavyowadhania.

Kipindi chenyewe kianze kwa kusoma kwa sauti. Ningeambiwa nichague jambo moja tu katika mwongozo huu, ningelichagua hili. Watoto wetu wamelelewa kwa hadithi, ukisema “Paukwa!” darasa zima litakujibu “Pakawa!” kabla hujafungua mdomo mara ya pili. Tumia mlango huo ambao bibi zao wamekwisha kuufungua. Kisome kitabu nyumbani kwanza, ujue pahala pa kupandisha sauti na pahala pa kunyamaza. Darasani kishike kwa namna ambayo wote watayaona maandishi na picha, soma kurasa nne au tano kwa dakika kumi, kisha simama pale ambapo jambo linakaribia kutokea, ukifunge, ukiweke juu ya meza, na uwaambie kwamba kitakuwa pale wakati wa mapumziko. Usiulize maswali ya mtihani baada yake. Nimewahi kumwona msichana wa Darasa la Nne, ambaye darasani hakuwa akinyanyua mkono, akikaa kwenye barza nje ya maktaba na kitabu hichohicho, kidole chake kikifuata mstari na midomo ikimchezacheza, mpaka kengele ilipolia na yeye asiinuke.

Mtoto anapochagua kitabu mwenyewe, mfundishe kujipima kwa vidole. Asome ukurasa mmoja, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikikunjika kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kimsubiri kidogo. Asilazimishwe, na asichekwe kwa kuchukua chenye tepu ya kijani.

Kisha viende nyumbani. Mwombe fundi cherehani wa karibu ashone mifuko kutokana na vipande vya khanga, au mzazi asuke vikapu vidogo vya ukili, ili kitabu kisirudi kimeloa mvua. Katika kikao cha wazazi waeleze kwamba mzazi asiyejua kusoma pia ana kazi: mtoto asome, yeye asikilize, kisha mtoto amsimulie alichokisoma. Kuhusu vinavyopotea, kubalianeni mapema na kamati ya skuli kwamba mtoto hatozwi fedha kwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Familia ikitozwa mara moja, mzazi atamkataza mtoto asiazime tena, na ndugu zake wote watalisikia katazo hilo.

Upungufu wa vitabu vya Kiswahili vinavyozungumza habari za kwetu ni wa kweli, na sehemu yake tunaweza kuiziba wenyewe. Wapeleke wanafunzi wakaulize. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani ila kisiwani hapa, anaweza kuwa kitabu cha kurasa kumi na mbili: wazee waeleze walivyokuwa wakimwona zamani, wanafunzi wachore, mwalimu wa Sayansi asahihishe. Kurasa zikunjwe, zishonwe katikati kwa sindano na uzi mnene, jalada liwe la kadi ya boksi, ndani yaandikwe majina ya waandishi wote, kisha kisajiliwe na kupewa namba kama vitabu vyengine. Kazi kama hii inafaa kuzinduliwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iwapo skuli ziko wazi. Sijaona kitabu kinachoazimwa kwa pupa kama kile ambacho mtoto anajua kwamba aliyekiandika anakaa dawati la nyuma yake.

Walimu wenzako watakuunga mkono ukiwarahisishia kazi: muulize kila mmoja mada yake ya wiki ijayo, kisha mpelekee vitabu viwili vitatu vinavyohusiana nayo kabla hajakuomba. Pale unapokwama katika upangaji au utengenezaji wa vitabu vilivyochanika, nenda kaombe ushauri kwa wakutubi wa Shirika la Huduma za Maktaba, Maisara kwa walio Unguja na Chake Chake kwa walio Pemba.

Mwisho wa muhula usianze kwa kuhesabu vitabu. Fungua daftari la kuazimia, liweke ubavuni mwa rejista ya darasa, na upite jina kwa jina. Msimu wa kuchuma karafuu utaona mapengo mengi, na sababu yake unaijua. Linalokuhusu zaidi ni jina ambalo halimo tangu muhula ulipoanza. Mwite mwanafunzi huyo peke yake, mbali na wenzake, umuulize anapenda kufanya nini akitoka skuli. Akikwambia anakwenda pwani na baba yake kuvua, usimpe nasaha. Inuka naye mpaka kwenye rafu, mtafutie kitabu chembamba chenye picha za samaki, na umwandikie jina lake katika daftari akiwa anatazama.