Ukienda kupiga picha mashamba ya agave, wahi alfajiri

Wadau, kama uko huku Jalisco, Mexico, na kamera, shambani ingia kwenye saa kumi na mbili asubuhi, maana wakataji wa agave (mmea wa kutengenezea pombe ya tequila), wale jimador, wanaanza mapema kukwepa jua na ikifika saa tano mwanga ushakuwa mkali, yale majani ya bluu yanatoka meupe tu. Salimia kwanza, omba ruhusa, na usisogelee coa, kifaa chao cha kukatia, ikiwa kazini, lile bapa la duara lina makali kama wembe. Vaa suruali nzito, agave ni ndugu wa mkonge, miiba inachoma na utomvu unawasha balaa. Kule Arandas, hapo hapo Jalisco, usibadilishe lenzi shambani, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sensa. Alafu picha ziprinti uwapelekee, mi nafanya hivyo na sasa wananiita wenyewe siku ya kuvuna.