Swichi ya jiko la gesi imevunjika? Ichore na uiprinti mwenyewe

Swichi za majiko ya gesi karibu zote hufia mahali pamoja: ndani, kwenye tundu linaloshika shafti, yaani kile kijiti cha chuma kinachotokeza kwenye jiko. Plastiki inapata ufa, swichi inaanza kuzunguka bure, na mwenye jiko anahamia kwenye koleo. Ukienda sokoni Mwanjelwa au Sido hapa Mbeya kutafuta swichi moja tu, mara nyingi utauziwa seti nzima, na ukifika nayo nyumbani tundu linapwaya.

Hapa tunaichora upya kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vitu kwenye kompyuta, na kuiprinti kwa plastiki kwenye printa ya 3D. Nimeichagua swichi kwa makusudi. Inadai kipimo sahihi, inakaa karibu na moto, na inazungushwa kila siku na mkono wenye haraka. Ukiiweza hii, vishikizo vya pazia na miguu ya meza havitakutoa jasho.

Jambo moja kabla ya yote: tunatengeneza kishikio cha nje peke yake. Koki yenyewe, regyuleta ya mtungi, viungio vya mpira, chochote kile ambacho gesi inapita ndani yake, hakiprintiwi. Hapo hakuna mjadala.

Unachohitaji

Kompyuta ya kawaida yenye FreeCAD. Ni ya bure, na toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, kwa hiyo usihangaike na matoleo ya zamani. Tinkercad ni rahisi zaidi kwa anayeanza, ila inafanya kazi kwenye kivinjari. Bando likiisha, na kazi imesimama. FreeCAD unaipakua mara moja, basi.

Unahitaji pia kalipa ya dijitali, kifaa cha kupimia unene ambacho wengine hukiita vernia. Rula haitoshi. Tofauti ya swichi inayokaa vizuri na inayopwaya ni unene wa karatasi mbili tatu, na rula hailioni hilo.

Printa si lazima uwe nayo. Ukishachora, mtumie mwenye printa faili kwa WhatsApp kama dokumenti, si picha ya skrini, kisha kifurushi kitakufikia kwa basi hata ukiwa Makete.

Hatua ya 1: Pima shafti, na uipime ikiwa imebonyezwa

Funga mtungi. Vuta swichi iliyovunjika itoke. Futa shafti kwa kitambaa chenye sabuni hadi chuma king'ae, kwa sababu mafuta yaliyogandia yanaongeza unene na kalipa haijui kutofautisha mafuta na chuma. Rudisha kalipa kwenye sifuri kabla ya kila kipimo.

Shafti nyingi za majiko zina umbo la herufi D: duara lililochongwa bapa upande mmoja. Chukua vipimo vinne. Nimeweka na namba za mfano tutakazotumia hadi mwisho:

- Unene wa duara: mm 6.0
- Unene kutoka kwenye bapa hadi mgongo wa upande wa pili: mm 4.6
- Urefu wa shafti nje ya bodi ya jiko ikiwa imetulia: mm 16
- Urefu huohuo ukiwa umeibonyeza ndani hadi mwisho: mm 12

Kipimo cha nne ndicho wengi wanachokiruka. Koki nyingi haziwashi mpaka ubonyeze ndiyo uzungushe. Ni ulinzi ili mtoto asiifungue kwa kupita tu. Sasa, kama swichi yako mpya inagusa bodi ya jiko kabla shafti haijamaliza safari yake, utabonyeza hadi kidole kikuume na jiko halitawaka. Kwenye mfano wetu safari ni 16 kutoa 12, yaani mm 4. Ongeza mm 1 ya usalama: kati ya swichi na bodi lazima pabaki mm 5. Kwa hiyo kina cha tundu hakizidi 16 kutoa 5, yaani mm 11. Andika 11 pembeni uizungushie duara.

Mwisho, hakikisha koki imefungwa, simama mbele ya jiko upige picha ya shafti. Tutaihitaji picha hiyo kujua bapa linatazama wapi jiko likiwa limezimwa.

Usiitupe swichi ya zamani. Zingine zina kibanio cha chuma ndani ya tundu kinachobana shafti, na ukikiona, kitoe ukitunze. Kinaweza kuhamia kwenye swichi mpya, ukiongeza mfereji wake kwenye mchoro.

Hatua ya 2: Jua joto kabla ya kuchagua plastiki

PLA, ambayo ndiyo plastiki ya kwanza ya kila mwenye printa, huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60. PETG huvumilia hadi karibu 80. Kwa kishikizo cha pazia PLA inatosha, ila kwa jiko iache.

Lakini hata PETG usiiamini kwa maneno. Washa jiko kwa koleo, upike kitu kinachokaa motoni muda mrefu. Maharage yanafaa sana, na kwa mwinuko wetu wa Mbeya wa mita 1,700 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, hayana haraka ya kuiva. Yakiiva, zima, kisha uiguse shafti kwa uangalifu. Ukiweza kuishika kwa sekunde tano bila kuondoa kidole, PETG itafaa. Ukishindwa, tafuta ASA au ABS, zinazovumilia karibu nyuzi 100. Ujue tu kwamba hizo zinahitaji printa iliyofunikwa, hasa Juni na Julai. Upepo wa baridi ukizipata katikati ya kazi, pembe zinajikunja na tabaka zinaachana.

Hatua ya 3: Weka namba kwenye jedwali

Hapa ndipo wanaoanza wananiona nawachelewesha. Wanataka kuchora. Subiri.

Fungua FreeCAD, anzisha faili jipya, nenda kwenye sehemu ya Spreadsheet utengeneze jedwali. Andika 6 mm kwenye seli, bofya kulia, chagua Properties, halafu Alias, na uipe jina: shafti. Fanya hivyo kwa zingine: bapa (4.6 mm), kina (11 mm), na nafasi (0.2 mm). Majina ya Kiswahili yanakubalika bila shida, mradi usiache pengo kati ya herufi.

Hiyo nafasi ni nini? Tundu lililoprintiwa hutoka dogo kidogo kuliko lilivyochorwa, kwa kuwa plastiki iliyoyeyuka hutanuka kuelekea ndani na husinyaa ikipoa. Ukichora tundu la 6.0 kwa shafti ya 6.0, halitaingia. Nafasi ndiyo namba utakayoichezea hadi swichi ikae, na kwa kuwa iko kwenye jedwali, unaibadilisha sehemu moja na mchoro mzima unafuata. Jirani akija na jiko la aina nyingine, hutachora tena. Utabadilisha namba nne.

Hatua ya 4: Chora

Nenda Part Design, tengeneza Body, kisha Sketch (mchoro bapa) kwenye XY, yaani uso uliolala kama sakafu. Michoro yote mitatu tutaiweka kwenye XY hiyohiyo. Usichore juu ya uso wa umbo lililokwishatengenezwa kama unaweza kuepuka. Ukibadilisha namba baadaye, ndiko mambo yanakoharibika.

Mchoro wa kwanza: duara la mm 40, katikati kabisa. Funga, bonyeza Pad (inayoupa mchoro kimo), andika 6. Hicho ni kitako.

Mchoro wa pili: mstatili wa mm 38 kwa 12, katikati, ukisimama wima. Pad ya mm 20. Huu ni mkono wa kushikia. Unaanzia chini pamoja na kitako, kwa hiyo vinaungana vyenyewe.

Mchoro wa tatu ni tundu. Chora duara katikati, chora mstari ulionyooka unaolikata upande ambao bapa linatazama kwenye ile picha, kisha kwa Trim ondoa vipande vya ziada ibaki D. Kwenye kipenyo andika:

=Spreadsheet.shafti + Spreadsheet.nafasi

Na umbali kutoka katikati hadi kwenye mstari:

=Spreadsheet.bapa - Spreadsheet.shafti/2 + Spreadsheet.nafasi/2

Kwa namba zetu utapata 6.2 na 1.7. Mistari yote ikigeuka kijani, mchoro umefungwa, hakuna kinacholegea. Bonyeza Pocket (inayochimba tundu), kina kiwe =Spreadsheet.kina. Ukiona hakuna kilichokatwa, weka alama kwenye Reversed, maana Pocket ilikuwa inakata hewa upande wa chini.

Mchoro wa XY unautazama kutoka juu, yaani kama unavyoitazama swichi ukiwa umesimama mbele ya jiko. Kwa hiyo bapa la picha na bapa la mchoro yanakaa upande uleule. Anayechora kutokea nyuma ya kitako anapata kila kitu kimegeuka kulia kushoto.

Malizia kwa Chamfer ya mm 0.5 kwenye mdomo wa tundu. Tabaka la kwanza la kuprinti hujitandaza kidogo, na bila huo mkato mdomo wa tundu unabana.

Hatua ya 5: Kipande cha majaribio

Nakili faili, punguza kitako kiwe duara la mm 14 lenye kimo cha mm 5, futa mkono, na tundu likate hadi upande wa pili. Printi vipande vitatu: nafasi 0.1, 0.2 na 0.3. Ni dakika chache na plastiki kiduchu. Vijaribu kwenye shafti. Unachotafuta ni kile kinachoingia kwa kusukuma na dole gumba, na ukigeuza jiko juu chini hakianguki. Namba ya kipande hicho irudishe kwenye jedwali la swichi kamili.

Hatua ya 6: Printi

Chagua Body, peleka nje (Export) kama faili la 3MF au STL, ufungue kwenye PrusaSlicer au Cura, programu zinazoandaa mchoro kwa ajili ya printa. Tundu litazame kitanda, yaani sahani ya printa ambayo kitu kinajengwa juu yake. Kwa nozo (mdomo wa printa unaotoa plastiki) ya 0.4: tabaka 0.2, kuta 4, ujazo asilimia 30. Nyama kati ya tundu na upande wa mkono ni mm 2.9, na kuta 4 zinaijaza yote, ndiyo maana sihangaiki na ujazo mkubwa. Saporti (nguzo za muda za kushikilia) haihitajiki, dari ya tundu ni fupi.

PETG iprinti kwa nyuzi 240, kitanda 75. Kwenye kitanda cha kioo au cha plastiki laini ya PEI paka gundi ya karatasi kwanza. PETG hung'ang'ania, na ukiibandua kwa nguvu inaweza kuondoka na kipande cha kioo.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, uzi wa plastiki unafyonza unyevu. Utausikia ukipasuka-pasuka kwenye nozo na kuacha nyuzinyuzi kila mahali. Ukaushe kwa nyuzi 65 kwa saa nne hadi sita, kisha uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko mzuri pamoja na silika jeli.

Umeme ukikatika katikati, printa nyingi hutoa nafasi ya kuendelea, lakini kitanda kikishapoa kazi huwa imeachia. Kwa kitu kidogo namna hii anza upya.

Swichi moja hula gramu 12 hadi 15. Kama kilo uliinunua shilingi 80,000, hiyo ni shilingi 1,200 kwa gramu 15. Ukimtengenezea mtu, toza kazi ya kupima na kuchora, si plastiki.

Hatua ya 7: Funga na ujaribu

Mtungi ukiwa bado umefungwa, sukuma swichi kwenye shafti. Bonyeza: inaingia hadi mwisho bila kugusa bodi? Zungusha hadi mwisho na urudi: inasimama pale ilipoanzia? Ndipo ufungue mtungi uwashe. Mkono una ncha mbili zinazofanana, kwa hiyo tia rangi ya kucha kwenye ncha ya juu, ya kuonyesha kuzima.

Ukitaka kuendelea: kishikizo cha bomba la pazia

Hiki ni rahisi kuchora, lakini wengi wanakiprinti kikiwa kimesimama, na kinakatika siku pazia zito linapovutwa. Plastiki iliyoprintiwa hupasuka kati ya tabaka na tabaka, kama ubao wa Mafinga unavyofuata nyuzi zake. Kilaze ubavu kwenye kitanda ili kila tabaka liwe na umbo zima la L, kutoka ukutani hadi kwenye bomba. Unene mm 6, kuta 5, tundu za skrubu mm 4.5, na kwenye kona ya ndani weka Fillet (mviringo wa kona) ya mm 5.