Kusonya, kukata jicho na vigelegele: mazoezi ya uso kwa wazee wetu

Zile klipu za mazoezi ya uso zinazozunguka kwenye simu karibu zote zinauza ujana, eti fanya hivi mikunjo iondoke, fanya vile kidevu kikaze. Hilo tuliweke pembeni mapema. Utafiti upo, ulifanywa na Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago ukatoka 2018, walichukua kina mama 27 wa miaka 40 hadi 65 wakawafanyisha mazoezi wiki 20, nusu saa kila siku kwa wiki 8 za mwanzo halafu siku moja wanafanya moja wanaruka, waliofika mwisho ni 16 tu (nusu saa ya kukunja uso kila siku jamani, nani anaweza) na kilichoonekana ni mashavu kujaa kidogo na madaktari waliotazama picha kuwakadiria umri mdogo kwa karibu miaka mitatu. Basi. Na hata kundi la kulinganisha nalo hawakuwa nalo.

Kwa bibi au babu wa miaka 70 na kuendelea mimi naona hoja ni chakula. Misuli ya midomo, mashavu na ulimi nayo inazeeka kama ya miguu, midomo isipofunga vizuri chai inachuruzika pembeni, ulimi ukichoka tonge la ugali linabaki limejificha shavuni, na koo likichelewa kidogo tu mtu anapaliwa, na kinachompalia kikishuka kwenye mapafu kinaweza kuleta nimonia. Japani wamelichukulia hili serious kabisa, kwenye vituo vya wazee utakuta kabla ya chakula cha mchana watu wamekaa mezani wanatamka kwa pamoja pa-ta-ka-ra, pa-ta-ka-ra. Sisi tunaweza kufanya hivyohivyo, tena sura zenyewe tunazo tayari, tumezikuta kwa mama zetu.

Maandalizi ni madogo. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu iguse chini, kidevu kisielekee dari. Mdomoni kusiwe na kitu, si peremende wala tambuu, na kama meno ya bandia yanacheza yatolewe kwanza. Kioo si lazima, mimi napendelea watu wawili wakae wanatazamana maana kioo hakichekeshi, mtu anachekesha.

Anza na vidole. Weka vidole vitatu mbele kidogo ya masikio, pale kwenye shavu la nyuma, zungusha taratibu mara kumi. Pale ndani kuna tezi za mate, na wazee wengi midomo yao ni mikavu, wengine kwa sababu ya dawa wanazokunywa, zikiwemo baadhi ya dawa za presha. Ukikanda kidogo mate yanakuja na mazoezi mengine yote yanakuwa rahisi.

Halafu cheza mchezo wa sura. Wewe taja tukio, yeye ajibu kwa uso tu bila kuongea. Mjukuu kafaulu. Mchele umepanda bei tena. Mgeni kaingia na sufuria imeshaoshwa. Simba kafungwa na Yanga (hapa kuna babu atacheka na kuna babu atanuna kwelikweli, yote ni mazoezi). Unachotaka kuona ni nyusi zimepanda hadi paji la uso limejikunja, macho yamefunguka, mdomo umekuwa duara, kisha kila kitu kimekusanyika katikati kwenye pua, ashikilie hapo kama sekunde tatu halafu auachie uso wote. Kule kuachia nako ni muhimu, wengi wanakaza tu wanasahau kulegeza.

Macho yanakuja na kukonyeza, jicho moja kwa zamu, wengi upande mmoja unagoma kabisa, asilazimishe. Kisha kukata jicho, yaani kichwa kimetulia halafu macho yanaenda pembeni taratibu yanakuangalia juu mpaka chini. Kina bibi hapa hawahitaji mwalimu. Ila kama mtu katoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho hivi karibuni, habari za kubana macho aziache mpaka daktari wake aseme sawa.

Sasa mdomo, na hapa ndipo pa kukaa. Abinue midomo mbele mbali anavyoweza, aipeleke kulia, kushoto, airudishe, kisha atabasamu mpana mpaka meno (au fizi) yaonekane. Mara tano. Halafu asonye. Ndiyo, kusonya. Hebu sonya polepole uone kinachotokea: midomo inajibana, mashavu yanaingia ndani yanashika meno, ulimi unajikaza juu unavuta hewa na mate kwa pamoja. Ni misuli ileile inayozuia chakula kisikimbilie kwenye mashavu wakati wa kutafuna. Asonye msonyo mfupi kwanza kisha ule mrefu wa kumsindikiza mtu mpaka getini. Siku zote ukisonya mbele ya mkubwa unatafuta kofi, leo anasonya mkubwa mwenyewe na watoto wote ndani ya nyumba wataanguka kwa kicheko. Asiye na meno ya mbele sauti inaweza isitoke vizuri, haina shida, arushe mabusu badala yake, yenye mlio.

Baada ya hapo asukutue hewa. Anajaza mashavu, anafunga midomo, anaipeleka hewa shavu hili shavu lile, juu ya fizi, chini ya fizi, kama anavyosukutua maji akitawadha. Hewa ikivuja pembeni ya mdomo ujue midomo ndiyo inahitaji kazi zaidi. Asijaze mpaka macho yamtoke na asizuie pumzi, anapumua kwa pua kama kawaida, hasa mwenye presha.

Vigelegele sasa. Kwa ulimi sijaona zoezi linalopita hili. Waanze bila sauti, ulimi utoke kidogo uguse kona ya kulia ya mdomo, kisha ya kushoto, polepole mara kumi, halafu waongeze spidi, halafu ndio watie sauti. Kigelegele kimoja kizuri kinataka ulimi mwepesi, midomo inayojua kusimama na pumzi ndefu, vyote kwa pamoja. Vitatu vinatosha, katikati apumzike, akisikia kizunguzungu aache hapohapo. Na mwambie jirani mapema asije akakimbilia kwenu akidhani kuna posa imefika. Kwa babu asiyetaka vigelegele mpe mluzi, midomo inafanya kazi vizuri sana, ila afanye mchana maana usiku utaambiwa anaita nyoka.

Malizia na maneno. Pa-ta-ka-ra yenyewe ina akili: pa inafungisha midomo, ta inapandisha ncha ya ulimi, ka inafanya kazi nyuma kabisa karibu na koo, ra inauchezesha ulimi juu. Kila moja mara nane peke yake, kisha zote kwa mfululizo bila kukimbia. Ra ya mtu ikitoka la msisahihishane, mtagombana bure. Halafu vitanza ndimi, "wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali" kwa ajili ya midomo na ulimi wa mbele, na ile ya katibu kata wa Mkata kakataa kukata kwa ajili ya ta na ka. Anayekosea anapewa adhabu ya kusonya.

Yote hayo ni dakika tano au saba kabla ya chakula cha mchana, ikiwezekana na jioni tena. Taya likilia ka! bila maumivu mara nyingi si tatizo, likiuma apunguze kufungua mdomo.

Kuna mambo hayahitaji mazoezi, yanahitaji hospitali. Uso ukipinda upande mmoja ghafla, mkono ukaishiwa nguvu au maneno yakaanza kutoka mazito, hicho kinaweza kuwa kiharusi, mwahisheni muda huohuo, habari za kapigwa na upepo mtaongea baadaye. Mzee anayekohoa kila akinywa maji, au sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kula, au anapungua mwili bila sababu, naye aonwe na daktari kabla ya kuanza michezo hii. Na aliyewahi kupooza uso apangiwe na mtu wa fiziotherapia, asijikazie tu mwenyewe, maana kukaza kwa nguvu kunaweza kuufundisha uso vibaya, mtu akitabasamu jicho nalo linajifunga.

Wajukuu watataka kurekodi. Warekodi, hata kuona maendeleo ni rahisi zaidi ukiwa na video ya mwezi uliopita, lakini kabla hamjatupia kwenye grupu la familia muulizeni bibi kwanza, hasa ile ya msonyo mrefu.