Kitabu cha Kutuliza Moyo Hakisomwi kwa Pupa

Kitabu changu cha kwanza cha aina hii nilikimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu nikamfokea mdogo wangu kwa sababu ya chaja.

Anza na Epictetus, mwanafalsafa wa kale aliyezaliwa mtumwa. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake, Arrian, na kiini chake ni kutenganisha yaliyo katika uwezo wako na yasiyokuwemo. Soma kurasa mbili asubuhi, funga. Kisha gawa ukurasa wa daftari kwa mstari: kushoto andika unaloweza kulishughulikia, kulia lisilo mikononi mwako. Kulia kwangu hujaa upesi, na karibu yote ni maneno ya watu! Rudia jioni, ukiangalia ni lipi lilikuponyoka.

Marcus Aurelius, mfalme wa Roma tangu mwaka 161 hadi 180 BK, alijiandikia mwenyewe, ndiyo maana anajirudia; ukichoka, ruka. Viktor Frankl, daktari wa akili aliyenusurika kambi za Wanazi, msome ukiwa na nguvu, si usiku wa majonzi.

Vitabu vinavyoahidi utulivu kwa siku saba mimi huviacha kwenye rafu. Na kama usingizi umekutoroka wiki nzima, muone daktari kwanza.