Wiki 20 za kuandaa warushaji wa besiboli kabla ya msimu

Tuanze na hesabu. Mechi ya vijana ya ininge 7 (ininge ni kipindi ambacho kila timu hupiga mara moja) kwa kawaida hudai mipira 15 hadi 17 kila ininge, yaani 105 hadi 119 mpaka filimbi ya mwisho, kama besiboli ingekuwa na filimbi. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotungwa Marekani na MLB, ligi kuu ya besiboli, pamoja na shirikisho la USA Baseball, humruhusu kijana wa miaka 15 au 16 kurusha mipira 95 tu kwa siku, na akifikisha 76 anapumzika siku 4. Timu yenye mechi Jumamosi na Jumapili ikimtegemea mrushaji mmoja hodari itakwama kabla ya Jumamosi kwisha. Ndiyo maana kazi kubwa ya miezi isiyo na mechi ni kupata mikono minne au mitano iliyopumzika na inayojua kurusha straiki, yaani mpira unaopita katika eneo halali mbele ya mpigaji. Kumwongezea kasi yule mmoja kunaweza kusubiri.

Fungua daftari la mechi za msimu uliopita. Kwa kila mrushaji hesabu mambo mawili: wapigaji wangapi walianza kwa straiki, na wangapi walipewa besi ya bure kwa kurushiwa mipira minne isiyo straiki. Mrushaji ambaye chini ya nusu ya mipira yake ya kwanza ni straiki hana haja ya mpira mpya wa kupinda. Lengo la kumwekea ni 60 kati ya 100.

Halafu tafuta warushaji wapya ndani ya kikosi. Anayezoea kuangua maembe kwa mawe huwa na mkono wenye nguvu, lakini mara nyingi kiwiko chake kimeshuka chini ya bega, na hilo litahitaji wiki za kurekebisha. Ni rahisi zaidi kumfundisha yule mlinzi wa besi ya tatu ambaye mipira yake hufika kifuani mwa mwenzake kila mara hata kama haina mwendo mkali. Kecha, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, mwache alipo. Yeye hurusha mpira karibu sawa na mrushaji, na kumpa kazi zote mbili katika mechi moja ni kuuchosha mkono uleule mara mbili.

Wiki ya 1 hadi ya 8: hakuna kurusha. Pitch Smart inataka kijana akae angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na miezi 2 hadi 3 kati ya hiyo iwe mfululizo bila kurusha kabisa kwa mkono uliopita juu ya bega. Hapa makocha wengi hudanganyika. Mwanafunzi ameacha besiboli, lakini anatupa mkuki, anaanzisha mpira wa voliboli, au anacheza mpira wa mikono. Bega halijui tofauti. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa warushaji vijana ulionyesha kwamba waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kufikia upasuaji, na waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, mara 36.

Miezi hiyo ni ya miguu, kiuno na mgongo, siku tatu kwa wiki. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5, la lita 20 lina kilo 20, na hayo yanatosha kwa kuchuchumaa, kupiga hatua ndefu na kuinama kwa mguu mmoja. Kwa bega, kata tyubu ya baiskeli kuwa utepe, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko, bana kiwiko ubavuni na uvute kwenda nje polepole, seti 2 za mara 15. Mkono ukianza kutetemeka mapema, utepe ni mzito mno. Kata mwembamba zaidi.

Wiki ya 9 hadi ya 14: kurushiana kwenye tambarare, siku tatu kwa wiki na siku moja ya mapumziko katikati. Anza na mita 14, mipira 25, pumzika dakika 10, kisha 25 mingine. Wiki inayofuata mita 18, halafu 27, 36 na 45, kwa idadi ileile. Wiki ya sita irudie mita 45, au ifike 54 kwa wakubwa wenye miaka 17 na kuendelea. Usipande umbali ikiwa kuna maumivu. Misuli ya nyuma ya bega kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko si kawaida, na hapo kurusha kunasimama siku hiyohiyo na mchezaji anaonwa na daktari. Ndiko iliko kano ile ambayo Dkt. Frank Jobe aliitengeneza upya kwa mrushaji Tommy John mwaka 1974, na upasuaji ukabaki na jina la mgonjwa.

Jambo moja la kujihadhari: “rusha nusu nguvu” ni agizo ambalo halitekelezeki. Mrushaji akiambiwa hivyo, kasi ya mpira hubaki juu ya robo tatu ya kasi yake kamili. Ongoza kwa umbali na idadi.

Wakati vijana wanarushiana, wewe jenga kilima, yaani kituta anachosimama mrushaji. Hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote. Timu hufanya mazoezi miezi mitatu kwenye tambarare, kisha siku ya mechi mrushaji anakuta mteremko, mguu wa mbele unachelewa kufika chini, mkono unabaki nyuma, na mipira yote inapaa. Kilima cha mazoezi hakihitaji duara zima la mita 5.49. Kipande cha upana wa mita 2 kinatosha.

Uso wa mbele wa kibao cha kurushia uwe mita 18.44 kutoka ncha ya nyuma ya hom pleti, kibao cha chini kilicho kando ya mpigaji. Kwa watoto wa hadi miaka 12 ni mita 14.02, umbali waliorushia vijana wa Lugazi, Uganda, walipokwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya watoto, kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Kilima chao nacho ni kifupi, sentimita 15 tu. Kwa wakubwa kibao kiko sentimita 25.4 juu ya pleti. Sehemu bapa ya juu ina kina cha sentimita 86: 15 mbele ya kibao, 15 za kibao chenyewe, na 56 nyuma yake. Kuanzia hapo ardhi inashuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30, kwa hiyo mteremko wote una urefu wa kama mita 3. Funga kamba kwenye vigingi, tumia pima maji ya fundi mwashi, usikadirie kwa jicho.

Udongo ulioshindiliwa utakuwa kama mita za ujazo 1.2, na kwa kuwa unapungua ukishindiliwa, leta 1.6. Kwa toroli la lita 65 ni safari 25 hivi. Chini weka udongo wowote usio na mizizi. Juu, hasa mbele ya kibao na pale mguu unapotua, weka udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, kwa sababu una mfinyanzi mwingi na hushikana. Mwaga tabaka la sentimita 2.5, nyunyiza maji mpaka ushikane mkononi bila kuacha tope, shindilia, kwaruza uso kidogo kwa reki ndipo uweke tabaka jingine. Usipokwaruza, tabaka la juu litabanduka kama ganda la chapati. Ukizidisha maji, utapasuka ukikauka. Kibao kama hakipo, ubao mgumu wa sentimita 61 kwa 15 utafaa, ila usawazishe na udongo. Ukitokeza, kifundo cha mguu kitalipa. Kila baada ya mazoezi jaza shimo la pale mguu unapotua, nyunyiza, shindilia, funika na turubai.

Wiki ya 15 hadi ya 20: juu ya kilima, mara mbili kwa wiki, tatu kwa aliye mzima kabisa. Mipira 15, kisha 25, kisha 35, yote fasboli, yaani mpira wa kasi ulionyooka. Funga nyuzi mbili kati ya nguzo mbele ya kecha, moja usawa wa magoti, nyingine usawa wa kifua, na pleti ya sentimita 43 chini yake. Mtu mmoja aandike. Wiki ya nne ongeza chenjiapu, mpira wa polepole unaorushwa kwa mkono uleule wa fasboli, ya tano simamisha mpigaji asiyepiga, ya sita rusha kama mechi: mipira 15, keti dakika 9, mingine 15, mara mbili au tatu.

Kwa timu ya vijana chenjiapu ina faida kuliko mpira wa kupinda, na haitaki kukunja kifundo cha mkono. Mpira ukae ndani zaidi ya kiganja, kidole gumba na cha shahada vitengeneze duara pembeni, vidole vitatu juu. Kosa ni moja: mrushaji anapunguza mwendo wa mkono, na mpigaji anaona. Pima kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Ukisimama pembeni, hesabu fremu tangu mpira utoke mkononi hadi uguse glovu. Ikiwa umbali huo ni mita 17.5 na fremu ni 137, ni sekunde 0.57, wastani wa kilomita 110 kwa saa. Chenjiapu ya fremu 156 ni kilomita 97. Tofauti ya 13 inatosha. Kisha tazama video zote mbili bila kuangalia mpira. Ukitambua ipi ni ipi kwa mkono tu, kazi bado.

Mipira mizito ya mazoezi hatuipendekezi kwa walio chini ya miaka 18. Jaribio la wiki 6 lililochapishwa 2018, kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 na mipira ya gramu 57 hadi 907, liliongeza kasi kwa asilimia 3 hivi, lakini karibu robo ya waliotumia mipira hiyo waliumia.

Wiki ya mechi ya kwanza kila mrushaji apande kilima mara moja tu, mipira 25, siku 3 au 4 kabla. Mpangie wa kwanza mipira 50 hata kama anatawala mchezo, wa pili 35, wa tatu 30, na kidude cha kuhesabia umpe mwanafunzi mmoja ambaye ana ruhusa ya kumkatiza kocha.