Namna ya Kuacha Kurudi Nyumbani Kutikisa Kufuli

Wako watu ambao hawafiki kituo cha daladala bila kurudi nyumbani walau mara moja kutikisa kufuli. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwa miaka kadhaa jirani yangu alizoea kunisalimu mara mbili kila asubuhi, salamu ya pili ilikuwa fupi: "Leo tena, mwalimu?" Wengi huichukulia tabia hii kuwa ni usahaulifu, ingawa mtu huyohuyo hasahau nauli, wala deni analodai, wala jina la aliyekaa naye dawati moja darasa la pili.

Kabla ya kuiacha, ni vyema kujua inakotoka. Kufunga mlango ni kazi ambayo mkono umeizoea mno, kiasi kwamba wakati vidole vinazungusha ufunguo, akili imekwisha kutangulia barabarani. Ukijiuliza njiani, unaiona kweli sura ya kufuli lililofungwa, lakini huna namna ya kujua kama ni la leo au la juzi. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichapisha majaribio ambamo watu waliwasha, wakazima na kukagua tena na tena jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta. Waliokagua jiko hilo mara nyingi hawakukosea zaidi ya wengine katika kukumbuka walichokifanya. Kilichopungua ni uwazi wa kumbukumbu yenyewe na imani yao juu yake. Kwa maneno mengine, kule kurudi kunakodhaniwa kuwa dawa ya shaka ndiko kunakoizalisha.

Kwa hiyo anza na kufunga kwenyewe. Simama wima mbele ya mlango, usizungumze na simu wala na mtu, funga, kisha linyooshee kufuli kidole na useme kwa sauti jambo linaloihusu siku hiyo peke yake, kwa mfano: "Jumanne, nimevaa shati la buluu, kufuli limefungwa." Utajiona kichekesho, lakini wafanyakazi wa reli nchini Japani hufanya hivyo kazini kila siku, wakinyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kuitaja hali yake, jaribio lililofanywa huko mwaka 1994 lilionyesha kwamba katika kazi rahisi makosa yalipungua kwa karibu asilimia 85. Usirudie maneno ya jana, kwa kuwa yakizoeleka nayo yatasemwa na mdomo bila akili.

Sehemu ngumu ni njiani, shaka inapokuja licha ya hayo yote. Hapa mafundisho ya udhu yananisaidia kuliko kitu kingine. Mtu mwenye wasiwasi huweza kuosha mkono mara saba akidhani maji hayajafika, ilhali sunna ni mara tatu. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, humjibu kwa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ulisema, ulinyoosha kidole, basi hiyo ndiyo yakini yako. Endelea kutembea na uiache shaka ipande bila kubishana nayo. Isipolishwa, hushuka yenyewe, ingawa siku za mwanzo huenda ikakufuata hadi ndani ya daladala. Wapo wanaopiga picha ya kufuli kwa simu. Sipendekezi, maana baada ya wiki moja utajikuta unaifungua picha hiyo mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na hapo umehamisha tabia tu.

Jiko la gesi lishughulikie vivyo hivyo, kwa kufunga kwenye mtungi na kusema mara moja kabla ya kutoka. Lakini ikiwa ukaguzi unakula zaidi ya saa moja kwa siku, au unakuchelewesha kazini, au unalia ukizuiwa kurudi, maelekezo haya hayatoshi. Nenda ukamwone mtaalamu wa afya ya akili, kwani hali hiyo ina matibabu.

Na siku ambayo mwenzako ndiye anayefunga, kidole na maneno viwe vyake. Wewe tangulia kituoni, wala usimuulize.