Jinsi miji jirani inavyoweza kuungana ili kupata fedha za HOME za nyumba za bei nafuu

Miji mingi midogo ya Marekani haipokei moja kwa moja fedha za serikali ya shirikisho za nyumba za bei nafuu. Wahitaji wapo, lakini takwimu za kila mji, zikihesabiwa peke yake, hazifikii kiwango cha chini kinachotakiwa. Sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha mpango wa HOME imeweka njia kwa ajili ya hali hiyo: miji inayopakana inaweza kuunda muungano, na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, ikauhesabu kuwa serikali moja ya mtaa. Mfano mzuri ni Lewiston na Auburn katika jimbo la Maine, miji inayotazamana kwenye kingo mbili za mto Androscoggin. Katika sensa ya mwaka 2020 Lewiston ilikuwa na wakazi 37,121 na Auburn 24,061, na muungano wao wa HOME unaongozwa na Auburn, ambao ndio mdogo. Huko zimehamia pia familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, nyingi zikiwa zinazungumza Kiswahili. Ninafanya kazi ya kuandaa mipango ya makazi ya serikali za mitaa, na ninawaandikia hasa wale wanaoanza kuketi katika kamati za miji ya aina hiyo.

Hatua ya 1: Fahamuni fedha hizi hugawanywaje

HOME si shindano la maombi. Kila mwaka, baada ya Kongresi kupitisha bajeti, HUD hugawa fedha kwa kanuni ya hesabu inayozingatia umaskini, hali na umri wa nyumba za kupanga, na gharama za ujenzi. Asilimia 40 huenda kwa majimbo na asilimia 60 kwa serikali za mitaa. Mgao wa mji ukiwa chini ya dola 500,000, au chini ya dola 335,000 katika miaka ambayo Kongresi imetenga pungufu ya dola bilioni 1.5, mji huo haupewi kitu moja kwa moja, bali hubaki ukitegemea kile ambacho jimbo litaamua kuupatia. Mwaka wa bajeti 2024 Kongresi ilitenga dola bilioni 1.25, hivyo kiwango kilichotumika ni kile cha dola 335,000.

Kuna kiwango cha pili. Ili kuidhinishwa kwa mara ya kwanza, mgao unapaswa kufikia dola 750,000, au 500,000 katika miaka hiyo ya bajeti ndogo, na pengo likiwapo linaweza kuzibwa na jimbo au na hazina za miji yenyewe. Kabla ya kuitisha kikao chochote cha mameya, iombeni ofisi ya HUD ya eneo lenu iwapigie hesabu ya mgao wa muungano mnaoufikiria, kwa sababu bila tarakimu hizo mazungumzo yote yatakuwa ya kukisia.

Hatua ya 2: Chagueni wanachama

Wanachama lazima wapakane. Mji ulio mbali, hata ukiwa na uhusiano mzuri nanyi, hauwezi kuingia isipokuwa miji iliyo katikati nayo iingie na kuuunganisha na wengine.

Hatua ya 3: Andikeni mkataba

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ningependa mwanasheria wa kila mji awepo tangu rasimu ya kwanza. Mkataba huutaja mji kiongozi, ambao utawakilisha wanachama wote mbele ya HUD na kubeba dhamana ya jumla ya mpango mzima. Maana yake ni kwamba mwanachama mmoja akitumia fedha kinyume cha kanuni, HUD itamdai mji kiongozi. Kwa hiyo mji kiongozi una haki ya kudai katika mkataba mamlaka ya kukagua miradi ya wenzake na kurudishiwa fedha utakazolipa kwa makosa yao, na wenzake hawapaswi kuona matakwa hayo kuwa ni dharau.

Mkataba hudumu kwa miaka mitatu ya fedha ya shirikisho, ambayo huanza tarehe 1 Oktoba, na katika kipindi hicho hakuna anayeruhusiwa kujitoa. Wanachama wote wanatakiwa pia kuwa na mwaka wa utekelezaji unaofanana, yaani unaoanza tarehe ile ile, jambo linaloweza kuulazimu mji mmoja kubadilisha kalenda yake.

Sheria haiwaambii mgawane vipi fedha ndani ya muungano. Wengine hugawana kwa uwiano wa kile ambacho kila mji umechangia katika hesabu, wengine huweka fedha zote katika mfuko mmoja na kuchagua miradi iliyo tayari. Mimi naunga mkono mfuko mmoja, kwa kuwa jengo la nyumba za kupanga hugharimu fedha nyingi kwa mara moja na mafungu madogo hukaa miaka bila kutosha mradi wowote. Lakini wekeni sharti la kuhakikisha kwamba hakuna mji utakaomaliza miaka mitatu bila kupata chochote. Lolote mtakaloamua, liandikeni.

Hatua ya 4: Pelekeni nyaraka kwa wakati

Muungano mpya huijulisha HUD nia yake kufikia tarehe 1 Machi, na nyaraka kamili hufuata kufikia tarehe 30 Juni: mkataba uliosainiwa, maazimio ya mabaraza, maoni ya mwanasheria na uthibitisho wa jimbo. Hesabuni kurudi nyuma kutoka Juni, kwani baraza linaweza kuahirisha azimio.

Hatua ya 5: Andaeni mpango wa pamoja wa makazi

Mpango huu wa miaka mitatu hadi mitano unahitaji mikutano ya hadhara na siku 30 za kupokea maoni ya wananchi. Kanuni zinataka pia miji ieleze itakavyowahudumia wakazi wasiojua Kiingereza pale ambapo wengi wao wanatarajiwa kushiriki. Ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema na kwa maandishi, kisha wahimizeni watu wafike, maana mahitaji ya familia ya watu wanane inayotafuta nyumba ya vyumba vinne hayataingia katika mpango yasiposemwa.

Hatua ya 6: Simamieni masharti ya matumizi

Fedha za utawala zisizidi asilimia 10 ya mgao. Angalau asilimia 15 hutengwa kwa miradi ya mashirika ya kijamii ya ujenzi wa nyumba yaliyotimiza vigezo vya HUD. Wanufaika wasiwe na kipato kinachozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, na nyumba mpya za kupanga zibaki za bei nafuu kwa miaka 20.

Linalosumbua miji midogo zaidi ni mchango usiotoka serikali ya shirikisho, unaolingana na asilimia 25 ya fedha za HOME zinazotumika katika miradi. Si lazima uwe fedha taslimu: ardhi iliyotolewa, ada na kodi zilizosamehewa na kazi ya kujitolea hukubaliwa, mradi thamani yake ithibitishwe kwa kumbukumbu. Fungueni daftari la mchango huo siku mradi wa kwanza unapoidhinishwa, na kila mji uliwasilishe kwa mji kiongozi kila robo mwaka.